Raia wa Mita Ishirini

Jumanne moja ya mwaka 1999, saa mbili na nusu asubuhi, Yahye fundi wa kompyuta aliingia katika ofisi ya kuandikisha watu mjini Garissa, bisibisi mfukoni na diski kuukuu ndani ya soksi safi. Aliwakuta Hinda na mama yake, Ebla, wakiwa wameshakaa kwenye benchi. Hinda alikuwa amelikalia benchi hilo miaka miwili akiomba kitambulisho, na Ebla alikuwa ameshaliletea mto kutoka nyumbani.

Hinda alizaliwa Garissa, nyumba ya tatu kutoka ofisi hiyo. Chuo cha ualimu Nairobi kilimtaka aripoti kabla ya Ijumaa kwisha. Bila kitambulisho asingepita kizuizi cha daraja la Tana, na kitambulisho hapewi, kwa kuwa kompyuta mpya ilimwonyesha kuwa mkimbizi.

"Ukame ya tisini na mbili," Ebla alimweleza ofisa kwa mara ya kumi na tisa. "Kambi ya Hagadera watu walikuwa wanabewa unga. Nikaenda na mtoto. Wakasema biga kidole, tukabiga. Mimi nilijua ni kidole ya unga."

"Kilikuwa kidole cha ukimbizi, mama," ofisa alisema kwa upole. Hakuwa mtu mbaya. Siku za joto kali aliwanunulia soda.

Orodha ya wenyeji ya kabla ya ukame ilikuwa katika kompyuta ya zamani, ambayo vumbi liliimaliza. Mwili ulikufa, diski ikabaki hai. Yahye hakunakili chochote. Aliifunga diski yenyewe ndani ya kompyuta mpya, akaiamuru hiyo mpya ijifanye, katika dirisha dogo tu, kuwa ile ya zamani.

"Diski itaamka ikidhani iko kwenye mwili wake wa siku zote," alisema. "Lakini huku nje isiguswe. Ikiandikwa kutoka pande mbili kwa wakati mmoja, inaharibika."

"Naijua hali hiyo," alisema Hinda.

Dirisha likafunguka. Ndani yake ilikuwemo ofisi ileile, kabla haijapakwa rangi ya kijani. Marehemu Nunow, karani aliyezikwa miaka mitatu nyuma, alikuwa mezani akikoroga chai ya maziwa ya ngamia. Akachungulia nje.

"Ebla, iska warran," alimsalimu. "Umenenepa."

"Alhamdulillahi. Wewe hujabadilika, adeer," alijibu Ebla, akimwita ami kwa heshima.

"Nitabadilika saa ngapi, na mmenizima?"

Alifungua faili, akalipata jina bila kutafuta sana: Hinda, binti ya Ebla, mzaliwa wa Garissa. Humo unga ulikuwa haujaanza kugawiwa. Akamwita aingie apige kidole. Hinda alivua malapa yake, akayaacha chini ya meza, akapandisha mguu juu ya ukingo wa dirisha, akaingia. Alipokabidhiwa kitambulisho, wino bado mbichi, furaha ilimjaa hata akamkumbatia marehemu, naye akalalamika kwamba chai itamwagika.

Ofisa alivaa miwani akakikagua kupitia kioo.

"Ni halali kabisa," alisema. "Ila ni cha humo ndani. Huku nje bado ni mkimbizi, na siwezi kuandika. Fundi amesema itaharibika."

Basi Ijumaa waliipakia kompyuta kwenye mkokoteni wa punda, Hinda akiwa ameshaingia tena, Ebla amepakata skrini. Askari wa kizuizini waliwapa nafasi ya kuchomeka umeme kibandani mwao, mradi birika lao lisichomolewe. Mmoja akainama mbele ya dirisha, akasoma kitambulisho pande zote mbili, akapiga saluti.

"Pita, raia."

Hinda akaanza kutembea humo ndani kuelekea darajani, Nunow nyuma yake na sanduku la nguo. Huku nje mkokoteni ukaenda naye sambamba, Yahye akikunjua waya wa umeme taratibu kutoka kibandani. Ebla alikuwa akipiga vigelegele, na abiria wa basi la Nairobi, waliokuwa wameshushwa kukaguliwa, wakamsaidia.

Kwenye mita ya ishirini waya ukakazika. Daraja lilianzia ya ishirini na moja.

Yahye akamwuliza askari kama wana waya mwingine. Upo, alisema askari, mrefu wa kufika ng'ambo na kurudi, umekunjwa pale kibandani. Ila mwenye safari ndiye anayeutia sahihi, na lazima aonyeshe kitambulisho.

"Si amekuonyesha sasa hivi?" aliuliza Ebla.

"Cha huku nje, mama."

Hakuna aliyegombana. Ebla aliweka mto wake juu ya mkokoteni akakaa, na Nunow akammiminia Hinda chai. Hinda akainywa akiwa amesimama mwisho wa waya, raia kamili, akilitazama basi la Nairobi likivuka bila yeye. Kibandani birika lilianza kuchemka, na taa ikafifia kidogo. Ebla akayatoa malapa ya binti yake kwenye mfuko, akayapangusa vumbi, akayaweka chini ya dirisha, yakielekea mjini, nyumbani.