Sifuri Tatu, Sifuri Mbili

Kreti kumi na nane za zabibu zilikuwa zimepangwa kando ya njia, na Mama Joel alikuwa amezifunika kwa khanga zake mbili za kwendea kanisani ili jua lisiziguse. Mwenyewe alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mkasi wa kuvunia bado mkononi. Mbele yetu njia ya vumbi ilinyooka kuelekea lami, na joto lilikuwa linaitikisa hewa kiasi kwamba vichaka vya miiba vilionekana kama vinaelea. Mara mbili tuliona lori. Mara mbili liliyeyuka kabla ya kutufikia.

“Watakuja,” nilimwambia.

Ilikuwa tarehe tatu Februari, yapata saa tano asubuhi. Siku hizi naishi Nkuhungu na kazi yangu iko mjini, lakini asubuhi ile bado hunijia nikiwa macho kabisa, bila sauti, na kila kitu ndani yake kinakwenda polepole.

Wakati huo nilikuwa karani wa chama cha wakulima wa zabibu, Chamwino. Nilikuwa nimetoka kwetu Kondoa na cheti cha kompyuta na begi moja, nikapanga chumba kwa Mama Joel. Jina lake hasa Paulina Ndahani. Alikuwa amelima uwele na mtama tangu usichana wake, na nusu eka ile ya mizabibu aliipanda uzeeni, watu wakimshangaa. Miaka mitatu aliifunga kwenye waya, akaipogoa, akaibebea maji. Jioni alipita kati ya mistari akigusa majani na kuyasemesha Kigogo kwa sauti ya chini. Mimi sikujua maneno yale, lakini yalikuwa yanapenya dirishani kwangu na kunilegeza, hata nikasahau nilikuwa nawaza nini. Mavuno ya mwaka ule yalikuwa yake ya kwanza.

Mwaka huohuo kiwanda cha juisi kilichonunua zabibu zetu kiliacha kutupigia simu. Tuliambiwa kwamba sasa maagizo yatatoka kwenye kompyuta yao na kuingia kwenye yetu moja kwa moja, bila mtu katikati. Upande wao alikuwepo kijana aitwaye Optatus, niliyemjua kwa sauti tu. Tukakubaliana kuanza na shamba moja la majaribio. Mwenyekiti wetu, Mzee Damiani, akachagua la Mama Joel kwa kuwa lilikuwa karibu na barabara.

Ujumbe wa kwanza ulihusu kreti tupu: zingeletwa 01/28. Mfumo wetu uliukataa, ukaupaka rangi nyekundu, kwa sababu hakuna mwezi wa ishirini na nane. Nilicheka peke yangu. Nikadhani mtu kule kakosea vidole, nikageuza tarakimu kwa mkono, ikawa 28/01, na wekundu ukaondoka. Kreti zilikuja siku ileile. Sikumwambia mtu. Chai yangu ilikuwa mezani, dirisha lilikuwa wazi, na nilijiona mjanja.

Siku tatu baadaye likaja agizo la kuvuna: 03/02. Safari hii mfumo haukukataa kitu. Ulilipokea agizo kwa rangi ya kijani, kimya.

Nilimpelekea Mama Joel habari shambani. Alichuma punje moja, akaitafuna, akafumba jicho moja.

“Kulu,” alisema, akilifupisha jina langu kama kawaida yake, “hizi hazijakolea. Zina ukali.”

“Labda kwa juisi ndivyo wanavyozitaka,” nilisema. Sikujua lolote kuhusu juisi. “Mfumo umeshasema, mama.”

Aliitazama simu niliyoishika, kisha akaniangalia mimi.

“Haya. Wewe ndiye uliyesoma.”

Akaanza kukata tarehe tatu alfajiri, kichala baada ya kichala, akivilaza kwenye kreti kwa mikono miwili. Nilimsaidia hadi mistari yote ikabaki majani matupu.

Saa saba, kivuli chetu kikiwa kimeingia chini ya miguu, nilimpigia Optatus.

“Kaka, lori limekwama wapi?”

“Lori gani, dada Kuluthumu?”

“La zabibu za Chamwino. Mmeagiza leo.”

Nikasikia vidole vyake vikigonga vibonyezo. “Sisi tumeagiza mwezi wa tatu.”

“Tarehe tatu.”

“Hebu nisomee ulichonacho.”

“Sifuri tatu, mkwaju, sifuri mbili.”

“Ndiyo,” alisema, na sauti yake ikashuka. “Tarehe mbili, mwezi wa tatu. Mashine yetu inatanguliza mwezi.”

Ile 01/28 ilinirudia na wekundu wake. Halikuwa kosa la vidole vya mtu. Ilikuwa imetuambia kila kitu, na mimi niliifuta.

“Umeshakata?” aliuliza Optatus.

“Shamba zima.”

Feni ilikuwa inazunguka ofisini kwake, niliisikia. Kisha akasema taratibu, “Tuandike kwamba ni hitilafu ya mtandao. Hakuna atakayeuliza zaidi.”

Alikuwa ananionea huruma, najua. Na kwa muda ambao siwezi kuupima nilisimama pale nikiwa nimelikubali neno hilo. Lilikuwa laini. Halikuwa na uso wa mtu.

Nikageuka. Mama Joel alikuwa amesimama, anavuta ncha ya khanga kufunika kreti moja iliyoanza kupigwa na jua.

Nilimweleza yote. Nilianza na kreti tupu, nikaja kwenye rangi nyekundu, nikamalizia na mwezi wa tatu. Alisikiliza akitazama mkasi.

“Kwa hiyo ile ya kwanza uliiona?”

“Niliiona, mama. Nikairekebisha kimyakimya.”

Alikunja khanga moja, akakunja ya pili, akashika kreti upande mmoja. Nikashika upande wa pili. Tulizirudisha nyumbani zote kumi na nane, kreti moja kila safari. Zabibu ikishakatwa haiivi tena. Majirani walichukua za kuchemsha na sukari, nyingine zililiwa na mbuzi. Kwa siku tisa Mama Joel aliniwekea chakula mezani kama kawaida, na zaidi ya salamu hakunisemesha.

Niliirudia habari ile mbele ya Mzee Damiani na kamati yake, nikitegemea kufukuzwa.

“Mwite huyo mwenzako,” alisema Mzee. “Mje mkae pamoja, si kwenye simu.”

Optatus alikuja siku ya kumi, mwembamba, miwani imejaa vumbi. Alimsalimu Mama Joel kwa Kigogo, “Mbukwenyi,” akiivuta vibaya mno, na yule mama akacheka. Nilikuwa sijausikia mcheko ule tangu tarehe tatu.

Tulikaa barazani kwake siku mbili. Ndipo tulipoona jinsi tulivyokuwa tunaongea kila mmoja peke yake. Kreti yao ilikuwa kilo ishirini, yetu ilikuwa kreti tu, ijae ama ipungue. Zabibu tuliyoiita nyeusi wao waliiita nyekundu. Mama Joel mwenyewe, kwenye mashine yao, alikuwa tarakimu nne zisizo na jina.

“Si muandike mwezi kwa jina lake?” aliuliza, akimimina chai.

“Mashine yetu haijui Kiswahili, mama,” alisema Optatus.

“Ifundisheni. Mimi pia nilifundishwa.”

Optatus alivua miwani akaifuta. Jioni ya pili tulikuwa na ukurasa mmoja. Mwaka utangulie, kisha mwezi, kisha siku. Mkulima aandikiwe mwezi kwa jina. Na ujumbe wenye kasoro urudi ulikotoka, asiugeuze mtu. Sharti hilo la mwisho niliandika mimi. Kiwanda kilimletea Mama Joel lori la samadi kwa msimu uliofuata, naye akalipokea bila maneno mengi.

Mizabibu ya huku huzaa mara mbili kwa mwaka, naye alivuna tena Agosti. Kreti zilipopakiwa alimwambia dereva anakwenda nazo, akapanda mbele kabla hajajibiwa. Mimi nilibanana naye.

Kiwandani Optatus alitupeleka ofisini kwake akamwonyesha kioo cha kompyuta. Paulina Ndahani, Chamwino, herufi zote zipo. Alilisoma jina lake kwa kidole bila kukigusa kioo. Kisha kidole kikashuka mstari wa pili.

“Yahaya,” alisoma. “Hombolo. Huyu naye ana mizabibu?”

“Anayo, mama.”

“Kiangazi hiki maji anapata wapi?”

Optatus aliinamia kioo, akafungua hapa, akafungua pale. Kulikuwa na tarehe, kilo, na aina ya zabibu.

“Sijui, mama.”

“Muulizeni.”

Optatus alinitazama, kisha akaanza kutafuta namba ya Yahaya kwenye simu yake. Mama Joel alivuta kiti, akakaa, akaweka mikono mapajani kusubiri jibu.