Bundi Mwenye Miwani

...na miwani juu yake, bundi amevalishwa miwani, na sisi watu wazima tumekaa kwenye viti vya chekechea magoti yamefika kidevuni tunamjadili kama mgombea udiwani, Shedrack amesimamisha kaseti ya katuni hapo hapo kwenye uso wa ndege, picha inatetemeka, mistari myeupe inapanda machoni pake na kushuka, jenereta ya parokia inanguruma nyuma ya ukuta, na Mama Benjamini anasema bundi ni bundi hata umvike suti, akitua juu ya paa nyumba hiyo imepata msiba, sasa leo tumchukue tuwaonyeshe watoto wadogo, tuwaambie huyu ni mwalimu wa wanyama, na usiku wakikojoa kitandani nani atafua... Mzee Beda, mwenyekiti wetu, anaitikia kwa kichwa pole pole, yeye huitikia kila kitu, ukimwambia kanisa linaungua ataitikia kwanza, anasema tutazunguka, kila mzazi atoe maoni yake, watoto waonyeshwe siku ya sikukuu yao au wasionyeshwe, na ameanzia mlangoni, kwa hiyo mimi niliyekaa dirishani ni wa mwisho, vizuri, sipendi kusema mbele za watu, nimekuja kwa sababu Bertilla ni wa kwangu sasa na kila mtoto anatakiwa awe na mtu wake hapa, nje nawasikia, wamejibanza kibarazani mvua isiwapate, wanaimba wimbo wa Noeli wakikosea ubeti wa pili kama wanavyoukosea kila mwaka, hakuna anayewasahihisha.

Bundi. Sikukuu yenyewe ni ya Watoto Mashahidi, wale waliochinjwa na Herode, mwaka jana watoto waliigiza hapo uwanjani, na askari alikuwa Benjamini, mtoto wa huyu huyu mama, alipita na panga la mbao akiwakata wenzake shingo mmoja mmoja, wengine wamelala chini wamemwagiwa maji ya rangi nyekundu, na mama yake alipiga vigelegele mpaka khanga ikamdondoka, hakuna aliyeitisha kikao, hakuna aliyeuliza kitanda cha nani kitalowa, na ukutani hapa juu ya televisheni yupo Yesu amefunuliwa moyo unaotoka damu, watoto wa chekechea wanakula uji chini yake kila siku... lakini bundi mwenye miwani, huyo ndiye wa kikao.

Kabula anasema sasa, ndugu zake walikuja na ng'ombe kutoka upande wa Shinyanga na mpaka leo akifungua mdomo wenzangu wanatazamana, anasema mtoto wangu analala zizini fisi wanalia karibu yake, hiyo katuni itamfanya nini, na anakaa. Ni maneno ya akili kuliko yote yaliyosemwa, ndiyo maana hakuna aliyeyajibu. Shedrack anacheka peke yake, anasema wazazi wangu, hii ni michoro tu, Dar watoto wanaangalia huku wanakunywa chai, mambo yamebadilika, anasema, siku hizi kila kitu ruksa, na anapapasa deki yake kama anayempapasa ndama aliyeshinda maonyesho, deki ya Tunduma, na koti la mitumba lenye nembo ya timu asiyoijua, yeye ana kibanda cha video kule sokoni, watoto hawa hawa tunaowalinda na bundi wanachungulia kwenye matundu ya mabati yake wakiona watu wanavunjana shingo kwa mateke, lakini kule ni biashara, hapa ni malezi.

Zamu ya mwalimu Basil. Anasimama, amesimama tangu mwanzo, na fimbo yake ya ubaoni, kwa sababu yeye ndiye mfasiri wetu, katuni inasema Kiingereza na Basil anatupa Kiswahili, au anachodhani ni Kiswahili chake, wanyama wakisema maneno kumi yeye anatoa mawili, wakisema mawili anatoa kumi, nilimsikia wakati panya mama anamwimbia mwanawe akasema hapa wanaburudika, basi, wanaburudika... Na ndipo panya mama akaenda shambani kutafuta punje, shamba limekauka vizuri, la mahindi, ungesema la huku kwetu, la Chala, na ikaja mashine ya kuvunia, kubwa, nyekundu, haikuonyeshwa imemfanya nini, imepita tu na mabua yakalala, halafu giza, halafu mvua, na panya mdogo amekaa mlangoni mwa tundu anatazama njia. Muda mrefu. Hakuna muziki. Nilishika kiti. Ndipo bundi akatua, akavua miwani, ndiyo, aliivua, hilo hakuna aliyeliona, akamwambia panya maneno machache ya Kiingereza, nami Kiingereza kile nilikielewa mpaka mwisho wake, sikufika kidato cha nne kwa kupokezana majibu, na Basil akagonga fimbo chini akasema, "Bundi anamwambia, mama yako amekwenda."

Amekwenda. Mama Benjamini akauliza amekwenda wapi, na Basil, bila hata kupepesa, akasema hapa hawajasema, nadhani mbele huko tutaona. Wakaridhika wote. Mzee Beda akaitikia kwa kichwa. Mama amekufa mbele ya macho yao, mashine imempitia, mtoto amelowa mvua, na wao wanangoja mbele huko waone amekwenda wapi, ndipo wakarudi kwa bundi, ubaya wa bundi, paa la nyumba, uchawi, na watu wa Dar wakitudhihaki kwa jina la mji wetu, lenye uchawi ndani yake, tunakasirika... mwanafunzi wa darasa la sita angechapwa kwa tafsiri ile, neno halikuwa gumu, halikuwa neno la kwenda popote, lilikuwa la kutorudi, ni mtu gani anayesikia kifo akakifasiri kuwa safari, ni mpumbavu gani...

Mbona nimejua haraka hivyo kosa liko wapi.

Nimelisikia. Ndiyo sababu. Nimelisikia sebuleni kwetu, na mfasiri hakuwa Basil. Mimi ndiye ninayeulizwa nyumbani, bibi yetu alizaliwa lini, kabla ya vita vya Wajerumani, siyo baada kama kaka yangu Leonsi anavyosimulia harusini, nani alilipiwa mahari ya majembe na nani ya mbuzi, mtoto wa tatu wa shangazi aliitwa nani, aliyekufa hajabatizwa, mimi najua, nawasahihisha wote, wananiogopa kidogo kwa hilo na sijutii, na Evodia mdogo wangu naweza kumtaja siku na saa, alikwenda Kirando, ziwani, kununua dagaa kama kila mwezi, alirudi juu ya magunia yake kwenye lori, na pale mteremkoni barabara ilikuwa imekuwa tope, lori likalala. Walimleta nyumbani kwenye maturubai, dagaa wamemganda kwenye nywele, niliwatoa mmoja mmoja. Bertilla alikuwa wa miaka minne. Tulimpeleka kwa jirani akachezeshwa siku zote za msiba, akarudi matanga yameanuliwa, na Leonsi akamwambia mama yuko Kirando. Nilikuwepo. Nilikuwa nashona kifungo. Nilifikiri, jambo la kijinga gani hili, litadumu juma moja, na sikusema neno, na Siku ya Marehemu tulipokwenda makaburini na mishumaa tulimwacha tena kwa jirani, mwaka wa kwanza, na mwaka huu tena, mama yetu akisema mwacheni bado mdogo, Leonsi akisema atakuja kujua tu, na baba wa mtoto hatumhesabu, na mimi, mjuzi wa mambo yote, nilibeba mishumaa.

Basil anaendelea. Anasema kielimu katuni ina maadili, inafundisha subira, mtoto panya anasubiri mama yake vizuri bila utundu... subira. Mungu wangu. Anasema tukitaka yeye atafasiri siku hiyo, na pale penye bundi anaweza kusema ni kasuku. Watu wanafurahi. Kasuku, wanasema, kasuku haina neno. Mama Benjamini anasema hapo sawa, kama mwalimu atasema kasuku mimi sina pingamizi, na Shedrack anasema poa, mwalimu umemaliza, na nawatazama wamefurahi kweli, wamelitatua, wamemgeuza bundi kasuku, wamegeuza kifo safari, watoto hawatalala na hofu, na nilitaka kuwadharau kama nilivyowadharau tangu nilipokaa, nikashindwa, kwa sababu Mama Benjamini, yule, ndiye peke yake aliyesema kweli. Bundi akitua nyumba imepata msiba. Alitua, na ilikuwa imepata. Hajui Kiingereza hata cha salamu na alisoma katuni sawasawa kuliko mfasiri, alikosea tu kudhani ni ndege anayeuleta, ndege ameukuta, amekuja kusema...

Naweza kusema wasionyeshwe. Ni rahisi, nina sababu ya kukopa, niseme naungana na Mama Benjamini, kasuku au bundi mimi sikubali, kwa kuwa sisemi mara nyingi nikisema huwa wanakubali, Shedrack atachukua deki yake, watoto watapewa pilau na soda warudi nyumbani, Bertilla hataona. Maana Bertilla hatamsikiliza Basil. Hajui Kiingereza na Kiswahili chake bado kinachechemea, kwa hiyo hatasikia chochote, atatazama, na mtu anayetazama tu hapotoshwi na mfasiri, ataona mama ametoka, mashine imepita, mtoto amekaa mlangoni anatazama njia, na hatauliza amekwenda wapi. Alikuwa akikimbilia malori. Kila lori lenye harufu ya dagaa likisimama pale kwa muuza unga alikimbia, akalizunguka, akarudi akasema dagaa wamefika, mama bado. Hivyo tu, bila kulia, kama karani. Na siku moja aliniuliza, "Mama mkubwa, Padri alikwenda Ulaya akarudi. Kirando ni mbali kuliko Ulaya?" nikasema nenda kamwangalie kuku.

Lini aliacha kukimbia. Najiuliza, na sijui. Lori lilikuja juzi, nilinunua debe, alikuwa kizingitini anachambua ulezi, hakunyanyua kichwa, na kabla ya hapo, wakati wa kupanda, hakukimbia, na kabla ya hapo... sijui. Najua mwaka bibi yetu alipong'oka jino la kwanza kwa sababu alisimulia, na sijui siku mtoto aliyelala kitanda kimoja nami alipoacha kumngoja mama yake. Aliacha na hakumwambia mtu. Alituona tunaogopa akatuonea huruma, ndivyo ilivyo, amekaa na jambo lake peke yake, ana miaka sita, amejitahidi tusitishike. Na sisi tunakaa hapa kwenye viti vyake kuamua yeye anaweza kustahimili nini.

Bibi alitusimulia ya fisi aliyevaa nguo za mama, akaja usiku kugonga mlango akiita mtoto kwa jina. Tulitetemeka, Evodia alikuwa akiingiza miguu yake baridi katikati ya yangu. Lakini hakutuficha kwamba mama amekufa, hadithi ilianzia hapo hapo, ndiyo maana mtoto alijua asifungue. Yule aliyeambiwa mama amesafiri angefungua.

Mzee Beda anamshukuru mwalimu. Anakohoa. Mvua imepungua juu ya mabati, sauti za watoto zimeongezeka, natafuta ya Bertilla katikati yao na kwa mara ya kwanza siitafuti ili nimjue yuko wapi, naitafuta nisikie inavyosikika... Leonsi alisema kwa Kiswahili. Sasa nalikumbuka. Nyumbani kwetu Kiswahili ni cha wageni na barua za serikali, mtoto huambiwa mambo kwa Kifipa, njoo ule, funika moto, bibi anaumwa, lakini siku ile Leonsi alisimama mlangoni, akanyoosha shati, akasema, "Bertilla, mama amesafiri kikazi, yuko Kirando," kama mtangazaji wa redio, na mtoto alimtazama mdomo, halafu akanitazama mimi, na mimi nikakata uzi kwa meno. Nilidhani hakuelewa. Alielewa kwamba kaka yangu amebadili lugha. Na tangu siku hiyo habari za mama yake zote tumempa kwa Kiswahili, bibi yake ambaye hakijui vizuri naye pia, akijikwaa, atarudi, atarudi, kwa sababu kwa Kifipa hakuna hata mmoja wetu aliyeweza. Kwa Kifipa hakuna aliyewahi kumdanganya Bertilla.

Wamegeuka, wananitazama, magoti yao kidevuni, bundi nyuma yao anatetemeka bado ameshika miwani yake, Mama Benjamini ananisogezea tabasamu la kuniomba nisiharibu, na Mzee Beda anasema, "Haya, Mama Raymond, tumebaki na wewe tu," nami sijafungua mdomo, nitasema waonyeshwe, nitasema wa kwangu atakaa nami mapajani na mwalimu asimfasirie, lakini hilo ni la Jumatatu ijayo na ni dogo, ninalopanga sasa nyuma ya meno ni neno jingine, la Bertilla, la leo, tukitoka hapa, njiani, kabla hatujafika nyumbani penye watu, neno la Kifipa, fupi, limetulia mdomoni tangu siku ile nilipokuwa natoa dagaa kwenye nywele, na baada yake sijaandaa sentensi yoyote.