Kibodi za Kiirua

Nthiga hakuwa mlevi, hakucheza kamari, wala hakuwa na mpango wa kando. Alikuwa na kibodi kumi na saba. Mkewe, Kendi, aliwahi kuwaambia akina mama wenzake kanisani kwamba afadhali huyo mpango wa kando, maana angekuja na sanduku moja tu, asingejaza kabati la vyombo.

Hazikuwa kibodi za siku hizi, nyepesi kama kifuniko cha sufuria. Zilikuwa za miaka ya themanini, zenye bamba la chuma tumboni, nzito kama jiwe la kusagia, na chini ya kila kitufe palikuwa na springi iliyolia ta! ukikibonyeza. Nthiga alizisaka kwenye stoo za shule na za vyama vya ushirika vilivyokufa. Akiipata moja, aliisugua kwa mswaki, akang'oa ule waya wa kale wenye kichwa cha duara kisichoingia popote leo, kisha akalehemu ndani kibao cha sakiti, kidogo kama ukucha wa kidole gumba, alichokiandikia programu mwenyewe. Basi kibodi iliyokata kauli tangu enzi za baba yake ikaanza kuzungumza na kompyuta ya mwaka huu. Hapo Nthiga angekaa akipiga vitufe, macho yamelegea, kama mtu anayesikiliza kwaya.

Kwaya hiyo ndiyo iliyoleta balaa. Nyumba yao ya kupanga katika mtaa wa Dallas, mjini Embu, ilikuwa na kuta nyembamba, na Kendi alikuwa muuguzi wa zamu, mtu wa kulala mchana.

"Baba Murungi," alimwambia, "chagua. Hiyo kitu ilale ofisini, ama wewe ndio ulale huko."

Jumatatu Nthiga akaibeba kibodi yake bora hadi kazini, Bodi ya Kusajili Mashina ya Kahawa. Kazi ya Bodi ilikuwa kuandikisha wakulima na mashina yao ili wagawiwe miche mipya. Meneja alikuwa Bwana Mithika, mgeni, ametoka kwenye semina ya siku tatu kuhusu utendaji bora na bado ilikuwa inamwasha. Asubuhi hiyo alikuwa akipita kwenye korido, mikono nyuma, aliposikia ule mlio. Akasimama. Akafungua mlango.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, mkubwa."

"Unafanya nini?"

"Naandika, mkubwa."

Hakudanganya. Alikuwa akimwandikia mkusanyaji mwenzake wa Poland kuhusu springi.

"Nimepita vyumba sita," Mithika alisema kwa sauti ya kutetemeka. "Hiki peke yake ndicho nimesikia kazi."

Ijumaa Nthiga alitangazwa mfanyakazi bora wa mwezi. Siku hiyo hiyo Karimi, aliyeketi meza ya pili na kusajili wakulima mia kwa siku kwenye kompyuta isiyotoa hata kikohozi, alipewa barua ya onyo kwa kosa la kutosikika kazini.

"Nthiga, umenimaliza," Karimi alisema akiikunja barua. "Nitafutie hiyo ngoma yako na mimi nipige."

Hakuhitaji kumwomba. Amri ilitoka kwamba mwezi usiishe kabla kila mtumishi hajapata kibodi ya kusikika, na Nthiga ndiye wa kuzitafuta. Alikwenda hadi Kiirua, nyumbani kwa wakwe, ambako shemeji yake Kiunga alikuwa na ufunguo wa stoo ya chama cha wakulima wa viazi kilichovunjika zamani. Chini ya magunia matupu wakakuta kibodi kumi na moja. Moja ilikuwa na panya na wanawe.

"Shemeji," Kiunga alimwambia akimtazama alivyopiga magoti vumbini, "hata siku ya kumchumbia dada yangu sikukuona umefurahi hivi."

Wiki tatu alisugua, akalehemu, akarekebisha. Zilipowashwa zote kwa pamoja, ofisi ilinguruma kama mvua ya mawe juu ya mabati, na Mithika akatembea katikati yake akiwa amefumba macho.

Binadamu hujifunza haraka. Mmoja alipiga vitufe kwa kiwiko huku akila chapati. Karimi aligundua kwamba akitaka kusifiwa, lazima kwanza aache kazi. Siku moja Nthiga alipita nyuma ya Kiambi, kijana wa dirishani, akaona kwenye skrini herufi J, J, J, kurasa mia mbili.

"Kiambi! Unafanya nini?"

"Niko namba mbili kwa utendaji, mzee. Usiniharibie."

"Utaivunja springi ya J!" Nthiga alilia. Ndilo lililomuuma. Kwamba hapakuwa na mkulima hata mmoja katika kurasa zile, halikumpitia akilini.

Sasa, kulikuwa na bibi mmoja kutoka Kanja, Bi. Igoki, katibu wa kikundi cha wakulima arobaini na watatu. Alikuwa amekuja mara mbili na orodha yake, na mara zote mbili aliambiwa watu wako na kazi nyingi. Alipokuja mara ya tatu aliketi kwenye benchi la korido, mkoba mapajani, akasikiliza. Mithika akamwona, akamjia akitabasamu.

"Shosho, unasikia vile watu wanajituma? Vumilia kidogo."

"Nasikia," Bi. Igoki alisema. "Hakuna mtu anaandika."

"Unasema nini?"

"Mwanangu, nimekuwa taipisti wa serikali miaka ishirini na nane. Mtu akiandika, neno huisha, anaweka nafasi, mstari huisha. Huyu wa dirishani hajaweka nafasi hata moja tangu nikae hapa. Ni herufi moja, na ni kidole kimoja. Huyo mwingine anatumia mkono mzima, sijui ni mkono gani. Kuna mmoja tu anaandika kweli, huyu wa karibu na mlango. Ana vidole vizuri. Lakini hiyo ni barua ya mapenzi. Anakimbia, anafuta, anacheka, anakimbia tena."

Mlango ulikuwa wazi, na wote walisikia. Ngurumo ikakatika. Mithika aliingia akakagua skrini moja baada ya nyingine: J, mabaki ya chapati, na mwisho aya sita kwenda Poland.

Nthiga alitamani ardhi ipasuke immeze. Akainuka.

"Shosho, niletee hiyo orodha, niandike sasa hivi."

"La, umenichosha. Wewe soma. Mimi naandika."

Akaketi kwenye kiti cha Nthiga, akavua pete, akaweka vidole juu ya vitufe. Nthiga akaanza kusoma: jina, kijiji, mashina. Bibi hakutazama mikono yake hata mara moja. Mlio ulikuwa wa utulivu, wenye pumzi, jina baada ya jina, na Nthiga, aliyezipenda kibodi hizo miaka kumi, aliona haya kwamba ndiyo kwanza anasikia moja ikiwa kazini. Kabla ya chakula cha mchana wakulima wote arobaini na watatu walikuwa wamesajiliwa.

Mithika hakulala juu ya aibu yake. Jumatatu ilitoka amri mpya: kibodi za kelele marufuku, na tangu sasa utendaji utapimwa kwa utulivu. Mwezi huo Kiambi, aliyesinzia tangu saa tatu hadi saa kumi bila kukoroma, alishika namba moja.

Nthiga aliibeba kibodi moja hadi Kanja, zawadi. Bi. Igoki aliitazama bila kuishika.

"Hiyo rudisha. Nilistaafu nisisikie hiyo kitu tena." Akamwekea sahani ya nduma na kikombe cha chai. "Lakini ng'ambo ya huo mto kuna kikundi kingine, watu sitini, na hawana mwandishi. Jumamosi unafanyanga nini?"

Nthiga alitafuna nduma, akameza.

"Hakuna, shosho," alisema. "Nitakuja."