Joto la Chiriku

Mama mmoja, fundi wa magodoro, alipasua godoro la bintiye kwa wembe, akamwaga pamba yote juu ya mkeka na kuichambua kwa vidole. Ilikuwa pamba nzuri, ingawa mtoto aliilalia tangu hajajua kutambaa. Aliigawa mafungu mawili, akashona magodoro mawili membamba. Moja alilirudisha kitandani, la pili akalikunja, akalifunga kamba na kulipeleka mjini kwa dada yake. Shule za mjini zilipokea watoto wanaolala mjini tu, na pamba mpya hakuwa na uwezo nayo.

Nyumba yake ilikuwa nje ya kibao cha mpaka wa mji, umbali wa kutupa jiwe. Huko nje kulikuwa na shule moja, nusu yake haina paa, na mwalimu mmoja aliyefundisha madarasa manne kwa pamoja mpaka sauti ikamkauka. Binti wa Fundi, ambaye kwa mdomo wake usiopumzika watu walimwita Chiriku, alisoma pale miaka miwili na akatoka hajui kusoma jina lake. Fundi hakuwa mtu wa kulalama. Alikula njama na dada yake, wakamwandikisha mtoto kwa anwani ya mjini, na tangu hapo Chiriku akawa anatoka kwao kabla hapajapambazuka ili awahi basi.

Halmashauri ya mji nayo haikuwa jinga. Ilimwajiri mkaguzi wa vitanda, mzee mpole mwenye koti refu, aliyepita nyumba kwa nyumba alfajiri akipapasa magodoro ya wanafunzi. Kwanza aliomba maji baridi, akanawa mkono wa kulia na kuukausha vizuri, ndipo akaupenyeza chini ya shuka. Kitanda kikiwa baridi, mtoto hana shule. Hakuwa na ukali wowote, na watu wengi walimkaribisha chai.

Alipofika kwa dada yake Fundi, ambaye Chiriku alimwita Mama Mkubwa, alikuta mlango umeshafunguliwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mtoto yuko wapi?"

"Yuko chooni."

Mkaguzi akanawa mkono, akapapasa. Godoro lilikuwa na joto, na katikati lilikuwa limebonyea umbo la mtoto aliyelala ubavu, magoti ameyakunja. Mama Mkubwa, aliyekitandika kitanda hicho mwenyewe jana yake na hakumwona mtu akikipanda, aliinama akalitazama lile umbo. Mkaguzi akaenda kusimama karibu na mlango wa choo. Baada ya kitambo akatoka mpangaji wa chumba cha uani, mwanamume wa ndevu nyingi, taulo begani.

"Huyu siye," alisema Mkaguzi.

"Siye," Mama Mkubwa akakubali. Aliona hakuna haja ya kuzungushana. "Mtoto amelala kwao, baba. Hapa tuna joto lake tu."

Mkaguzi akafikiri kidogo. Katika kazi ile alikuwa ameona vitanda vya kila namna.

"Mimi nimetumwa joto," alisema. "Mwili si idara yangu."

Akampitisha mtoto, akanywa chai, akaenda nyumba ya pili.

Alfajiri hiyohiyo, nje ya mji, Fundi alikuwa amemwamsha bintiye na kukuta godoro likiwa baridi kama sakafu. Mikono ya mtoto ilikuwa baridi vilevile. Alimuuliza kama amelala vizuri. Chiriku akasema vizuri sana, ila mpangaji wa Mama Mkubwa anakoroma. Fundi alielewa. Pamba ilikuwa moja na usingizi wa mtoto ulikuwa umeizoea, basi ukaenda kule ulikohitajika zaidi. Akampa chai ya moto na kumfunga vifungo vya sweta.

Habari haikukaa ndani. Majirani walianza kumletea Fundi magodoro ya watoto wao ayapasue, na yeye akayapasua yote. Muda si muda vitanda vitupu vikapata joto mji mzima. Madarasa yakajaa. Wazazi wa mjini wakalalamika kwamba watoto wao wanabanana na watoto wa nje, na halmashauri ikakaa kikao. Hakuna aliyependekeza kuezeka shule ya nje ya kibao. Walikubaliana kwamba mtoto hawezi kuwa na joto sehemu mbili. Nyumba yoyote ya nje itakayokutwa na joto la mwanafunzi, mwanafunzi huyo ataondolewa. Mkaguzi akapewa baiskeli.

Chiriku wakati huo alikuwa ameshajua kusoma. Alisoma karatasi za sabuni, alisoma magunia ya pamba, alisoma maandishi ya nyuma ya basi na kuyarudia mezani mpaka akaambiwa ale kwanza. Fundi, ambaye yeye mwenyewe hakuwahi kufika darasa la tatu, alikuwa akisikiliza huku anashona, na kwa furaha akajichoma sindano. Lakini mtoto alikuwa anatetemeka. Blanketi mbili hazikufua dafu. Kwa hiyo Fundi alikuwa amezoea kumchukua kitandani kwake, akamsugua mgongo na kumkumbatia mpaka meno yakaacha kugongana.

Mkaguzi alifika, akaegemeza baiskeli ukutani, akaomba maji baridi. Kitanda cha Chiriku kilikuwa sawa, hakina joto hata chembe. Kisha akapapasa kitanda cha Fundi.

"Hili joto la nani?"

"Langu."

"Na hili la upande wa ukutani?"

"Langu pia. Nikilala najigeuza sana."

Mkaguzi alitazama mbonyeo mdogo uliojibana ubavuni mwa ule mkubwa. Alijifuta mkono kwa leso, polepole.

"Mama, na mimi nina wajukuu. Leo nitasema unajigeuza. Nikilikuta tena, sitakuwa na la kusema."

"Kwani mtoto akipata joto kwao, huko mjini kunapungua nini?"

"Hilo sikuulizwa," alisema Mkaguzi, na ilionekana kweli linamsikitisha. Akapanda baiskeli yake.

Jioni Fundi alimlaza Chiriku peke yake kwenye kitanda cha mtoto, akamfunika blanketi zote pamoja na kanga zake mbili. Akavuta kigoda, akaketi mbali kidogo.

"Mama, njoo."

"Nisomee ya leo."

"Nasikia baridi."

"Nisomee, mwanangu."

Chiriku akasema somo lake kwa kichwa, juu ya mvua na mawingu, meno yakigongana, na sauti ikapungua mpaka akalala fofofo. Fundi alibaki na mikono katikati ya magoti. Simu ikalia. Alikuwa dada yake.

"Godoro limeanza kupata joto."

"Amelalaje?"

"Ubavu. Amekunja magoti."

"Dada, nilalie hapo pembeni yake."

Fundi alisikia kule mjini chaga za kitanda zikilia, kisha pumzi ya dada yake. "Tayari," alisema Mama Mkubwa. "Nimemkumbatia."

Mbele ya Fundi, Chiriku alisogea ukutani bila kuamka, akaacha nafasi ya mtu mzima. Fundi hakuondoka kwenye kigoda.