Harufu Ambayo Sikuisikia

"Mama Nalianya, wewe ukiinama, dunia hubaki mahali pake?"

Jirani yangu Ayuma aliniuliza hivyo mwezi wa pili, tukiwa mferejini, yeye ameshika ukingo wa sinki la saruji kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa nafua. Nilimtazama macho, nikamtazama miguu, kama nilivyozoea kutazama watu, kisha nikamjibu, "Dunia ya anayeomba asubuhi haina mahali pa kwenda."

Akacheka kidogo, akaenda zake akipapasa ukuta. Jibu hilo nikilikumbuka leo natamani kujifunika leso usoni.

Kanisa letu ni la kanzu nyeupe na ngoma, tulilokuja nalo kutoka magharibi. Kila Jumapili kabla ya ibada tunaandamana kuzunguka mtaa wa Jericho, bendera mbele. Tukifika njia panda, anayeibeba husimama, huinua uso kuitazama, kisha huzunguka pole pole mara moja ili pande zote nne zibarikiwe. Mtu wa pombe haigusi bendera. Na mlinzi wa mlango ni mimi. Miaka kumi na moja sasa, tangu nimzike mume wangu Kweyu aliyekuwa fundi wa reli, nimesimama pale nikikagua vitambaa vya kichwa, miguu kama imevuliwa viatu, na pumzi ya yeyote ninayemshuku. Shule niliishia darasa la saba, lakini macho ninayo. Watu husema, Mama Nalianya akikuona, amekuona.

Ayuma anashona mikanda ya sandali kule soko la Kariokor. Mumewe, Opicho, alimalizwa na chang'aa, ile pombe kali ya magendo. Mimi ndiye niliyekaa naye matanga yote, nikimshika akilia. Baadaye alisimama mbele ya kanisa akaapa kwamba kitu hicho hakitapita tena mlangoni mwake, ndipo Mchungaji Wekulo akamkabidhi bendera.

Sasa baada ya lile swali la mferejini nikaanza kumchunga. Dirisha langu linaangalia mlango wake. Asubuhi moja nilimwona ametoka, akasimama ameshika mwimo, macho kayafumba. Siku nyingine alichuchumaa barazani kama mtu anayetaka kutapika. Nikamwambia Dada Muhonja, mkuu wa akina mama, "Ayuma ananitia wasiwasi. Sisemi kitu, lakini ananitia wasiwasi." Kwetu sisi, kusema "sisemi kitu" ndiyo kusema kwenyewe. Muhonja naye akamwambia mwingine.

Jumapili moja ya mwezi wa tatu, mvua ilikuwa imenyesha, tukafika njia panda ya madukani. Ayuma akainua uso. Akazunguka nusu. Mara akaenda chini kama mtu aliyevutiwa mkeka, na bendera ikaangukia mtaroni. Ngoma zikanyamaza. Akech, anayepika chapati pale kando na si wa kanisa letu, akapaza sauti, "Wii! Mama bendera amelewa Roho, ama amelewa ile nyingine?" Watu wa barabarani wakaangua kicheko.

Mchungaji akaniita. "Mama Nalianya, hebu mwangalie."

Nilipiga magoti, nikasogeza pua yangu hadi mdomoni pake. Nilisikia sabuni ya kufulia, jasho, na chai ya tangawizi. Hakuna kingine. Nilivuta pumzi mara ya pili, bado hakuna. Nikainua kichwa, nikamwona Muhonja ananitazama, na wale aliowaambia wote wananitazama. Nikisema hakuna harufu, basi maneno yangu ya wiki zile yangekuwa fitina, na mimi mlinzi wa mlango ningekuwa msengenyaji.

"Kidogo," nikasema.

Ayuma alikuwa amelala ubavu, ameshika majani kwa vidole vyote kumi kama anayeogopa kudondoka kutoka juu ya ardhi. Alinisikia.

Akavuliwa bendera, akapewa Muhonja. Ayuma akarudishwa benchi ya nyuma, penye waliofungiwa huduma kwa makosa yao. Hakubisha sana. Alisema tu, "Sijanywa," mara moja. Mferejini Akech alikuwa akimngoja kila siku: "Dada, leo umeweka ngapi? Usimalize yote, tuachie!" Mimi nilikuwa nikichota maji yangu na kuondoka.

Wiki ya tatu baada ya hapo, Jumanne asubuhi, watu wote wameenda kazini, nikasikia mtungi umeanguka. Nikatoka. Ayuma yuko chini ya mfereji, mdomo unatoka damu. Tulikuwa wawili peke yetu.

"Shika mkono wangu twende kwa daktari," nikamwambia.

"Uniangushe tena?"

"Shika tu, Ayuma."

Akashika. Tulitembea hadi kituo cha afya, yeye shingo kaikaza kama amebeba kitu kichwani.

Daktari alikuwa msichana wa Kikamba, Kavata. Alimuuliza mambo mengi: kizunguzungu huja lini, hukaa muda gani. Ayuma akasema humjia akigeuka kitandani, akiinama, akitazama juu, na haifiki dakika moja. Kisha Kavata akauliza, "Na pombe, mama, unakunywa?"

Ayuma akaninyooshea kidole. "Muulize huyu. Ndiye hunusa."

Daktari akanigeukia, kalamu mkononi.

"Hanywi," nikasema.

"Una uhakika?"

"Nina uhakika." Ayuma aligeuza uso akatazama ukuta.

Kavata akamketisha kitandani, akamgeuza kichwa upande wa kulia, halafu akamlaza kwa haraka, kichwa kikining'inia nje ya kitanda. Ayuma akapiga kelele, "Nishikeni! Naenda!" Nikamshika mabega.

"Njoo uone macho, mama," daktari akaniambia.

Niliinama. Macho ya Ayuma yalikuwa yakicheza yenyewe, yakijizungusha na kuruka, mfululizo, kama sindano ya cherehani. Tukangoja. Yakapunguza mwendo, yakatulia. Miaka kumi na moja nakagua macho ya watu, na kitu kama hicho sikuwa nimewahi kukiona.

Daktari akatueleza huku akimshikilia kichwa. Alisema ndani kabisa ya sikio, mbali kuliko kijiti cha pamba kinapofika, kuna mirija mitatu midogo iliyopinda kama pete, na ndani yake mna maji. Mmoja hujua ukitikisa kichwa kukubali, mwingine ukikataa, wa tatu ukilaza kichwa begani. Ukigeuka, maji hubaki nyuma kidogo, yakainamisha vinywele, navyo vinywele vikapeleka habari kwenye ubongo. Alichukua chupa ya maji iliyofika nusu, akaizungusha, akaisimamisha ghafla. Chupa imetulia, maji bado yanazunguka. "Ndiyo maana mtoto akizungukazunguka halafu asimame, anaanguka," akasema.

"Na mimi sijazunguka," Ayuma akasema.

"Wewe ni mawe, mama. Kando ya hiyo mirija kuna kama kitanda cha ute, juu yake mawe madogo madogo kama unga wa chokaa. Hayo ndiyo yanayokuambia chini ni wapi. Yako machache yameng'oka yakaingia mrijani. Ukitazama juu yanateleza, yanasukuma maji. Sikio linasema unazunguka, na wewe umesimama tu."

"Kumbe hata sikio husingizia watu."

Kavata akacheka, hakujua. "Halisingizii. Linasema lililosikia. Ni mawe tu hayako mahali pake."

Nilitazama sakafu. Sikio la Ayuma lilisema lililosikia. Pua yangu pia ilikuwa imesema kweli, ulimi ndio ulioongeza.

Daktari akamgeuza kichwa upande wa pili, akangoja. Akamlaza ubavu, uso ukielekea chini, akangoja. Mwisho akamwinua pole pole. Alisema mawe yamerudi yanakotakiwa, na yakitoka tena tusikae nyumbani.

Njiani Ayuma alitembea bila kunishika. Tulipofika langoni akasema, "Ijumaa."

"Ijumaa nini?"

"Unajua."

Nilijua. Ijumaa ni siku yetu ya kuungama. Mtu husimama mbele ya wote akataja kosa lake kwa jina.

Nilimwendea mchungaji mapema, nikamweleza habari za sikio. Alifurahi mno. "Basi ulikosea tu, mama. Sote tulikosea. Nitatangaza mimi mwenyewe, huna haja ya kusimama."

Na Ijumaa akatangaza. Akasema Ayuma alikuwa na ugonjwa, bendera yake inarudi. Akasema, "Hata Mama Nalianya wetu, na macho yale, alidanganyika." Watu wakasema amina. Muhonja akaweka mkono kwenye goti langu. "Pole mama. Nani angejua?"

Walinihurumia, na ningeweza kukaa hapo ndani ya huruma yao hadi nife. Nikageuka. Kule nyuma Ayuma alikuwa ananitazama.

Nikasimama. "Sikudanganyika," nikasema. "Siku ile sikusikia harufu ya pombe. Nilinusa mara mbili. Nilisikia sabuni na chai. Nilisema kidogo kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kumsema, nikaogopa mniite msengenyaji. Nilimpaka Ayuma pombe, na ni mimi niliyemshika akimlilia mtu aliyeuawa na pombe. Mungu anihurumie. Mlango mpeni mwingine."

Muhonja aliondoa mkono wake. Mchungaji akatazama Biblia iliyofungwa mbele yake, kisha akasema, "Ayuma dada yetu, umesikia. Je, unamsamehe?"

Ayuma akainuka, hakushika benchi.

"Mama Nalianya," akasema, na hakuwa na hasira, heri angekuwa na hasira. "Siku ile nikiwa chini nilikusikia ukivuta pumzi. Nikashukuru. Nilisema moyoni, afadhali ameitwa yeye, huyu hawezi kusema uongo."

"Ndiyo, dada," mchungaji akasema, "lakini unamsamehe?"

Ayuma akapita katikati ya mabenchi. Akaokota viatu vyake mlangoni, akatoka navyo mkononi.