Keria ya Baiskeli Moja

Kama hujawahi kugombana na mwenzio kwa sababu ya chuma cha kubebea baiskeli, mshukuru Mungu wako na ukae kimya. Mama Pasi aligombana, tena si mara moja. Alifika mahali akisikia mtu anataja neno keria, hata keria ya mizigo ya mtu mwingine kabisa, damu inampanda.

Jina la Mama Pasi alipewa kazini, kwa dobi, ambako husimama kutwa akinyoosha mashati ya watu asiowajua. Nyumbani mumewe humwita Mama Watoto, ingawa watoto wenyewe walishaondoka, kila mmoja na maisha yake, na sasa ni wa kupiga simu Jumapili. Mume ni mpiga rangi magari, fundi anayeheshimika gereji nzima, na mtaani hakuna anayemwita kwa jina lingine zaidi ya Bwana Rangi. Gari lao dogo jeupe alilipiga rangi kwa mkono wake, na ukiliegemea atakuuliza kwa upole kama nyumbani kwenu hakuna ukuta.

Watoto walipoondoka, nyumba ikawa kubwa ghafla, wawili hawa wakanunua baiskeli. Wengine hununua televisheni. Wakaendesha jioni, wakaendesha Jumapili, na kila mwaka wakaenda mji wa pili kwenye mbio za kupanda mlima, baiskeli zao zikiwa kwenye pikapu ya jirani. Bwana Rangi alitangulia kukata upepo, mkewe akafuata nyuma akilalamika kwa pumzi zilizobaki. Ila kila mwaka, kwenye kona za mwisho karibu na kilele, Mama Pasi alishuka akasukuma. Kila mwaka! Wengine wakimpita wamekaa kwenye tandiko, yeye anasukuma chuma kama mtu anayepeleka mbuzi asiyetaka kwenda. Jambo hilo lilimkera mpaka ndani ya mifupa.

Safari hii aliapa kufika juu bila mguu kugusa ardhi. Alikuwa anaamka alfajiri kupanda kilima cha nyuma ya stendi, anashuka, anapanda tena, ndipo aende kwenye mashati. Magoti yalishaanza kumsema akiinuka, na magoti yakishaanza kusema hayanyamazi. Kama si mwaka huu, basi tena. Bosi wake alimpa ruhusa ya Jumamosi ya mbio kwa shingo upande na akamwambia asizoee.

Mwaka uliopita hawakwenda. Bwana Rangi alianguka na baiskeli kwenye mteremko wa karibu na nyumbani, na hakikuwa kisa cha jiwe wala shimo. Ulikuwa moyo. Akalazwa, akatoka, na daktari akamwambia mbele ya mkewe: tembea, fanya kazi kwa kiasi, usinyanyue vizito, punguza chumvi, baiskeli basi. Akajibu, "Sawa, daktari." Hivyo tu, kama mtu aliyeambiwa mkate umekwisha. Watu wakamsifu kwa kupokea vizuri, na Mama Pasi naye akamsifu, maana alikuwa amejiandaa kwa vita na vita haikuja.

Kisha jirani wa pikapu akahama, na mabasi ya kwenda kule hayataki baiskeli. Ikabaki gari jeupe na keria ya kufunga. Kazi ya kwenda dukani na kurudi, si ndiyo? Ngoja.

Keria ya kwanza aliileta Bwana Rangi mwenyewe kutoka gereji, ya kuazima. Ilikuwa ile inayotundikwa kwenye buti kwa mikanda na ndoano. Akaitundika, akaizunguka, akachuchumaa, akaitundua.

"Ndoano hizi zitakula rangi ukingoni," akasema.

"Si uweke kitambaa?"

"Kitambaa kinashika mchanga, Mama Watoto. Mchanga ni msasa. Na baiskeli yako bomba la juu limelala, itakaa upande, usukani utakwaruza kioo. Halafu ukitaka kitu ndani ya buti, ufungue vipi?"

Mama Pasi akakubali. Mwenye kazi yake ndiye anayeijua.

Ya pili ilikuwa ya kuchomeka nyuma, kwenye ndoano ya kuvutia tela. Gari halikuwa na ndoano hiyo, lakini mchomeleaji wa gereji alisema ataifunga bila shida. Bwana Rangi akalala chali chini ya gari na tochi, akatoka na vumbi kichwani, akasema gari lile halikuzaliwa kuvuta, likichomelewa litaoza kutokea chini. Haya. Ya tatu ilikuwa ya juu ya paa, ikawa haina kufuli. Ya nne ilikuwa na kufuli, mpira wake ukawa mgumu.

Wifi yake, dada wa Bwana Rangi, alipita siku moja akamkuta kaka yake anapangusa paa la gari kwa kitambaa laini. Akaingia jikoni amejishika mbavu.

"Wifi yangu, pole. Una mke mwenzio. Mweupe, miguu minne, na ndiye anayeogeshwa kila siku."

Mama Pasi akacheka, maana utani wa wifi hukatai. Lakini wifi alipoondoka, akaweka sufuria mezani kwa nguvu mpaka kifuniko kikaruka. Maneno yale yalimchoma kweli. Alikuwa ameanza kuamini kwamba mumewe analipenda lile bati kuliko anavyompenda yeye.

Na lililomchanganya zaidi ni hili: baiskeli yenyewe aliitunza vizuri mno. Cheni alipaka mafuta, breki alikaza, tairi alijaza upepo bila kuombwa, na mkewe akirudi kutoka kilimani humuuliza ametumia gia ipi kwenye kona. Baiskeli ilikuwa tayari kwenda popote duniani isipokuwa juu ya gari.

Wiki ya mbio ikafika. Jumatatu, Mama Pasi akitoka kazini alipita kwenye duka la spea zilizotumika akaiona keria safi ya juu ya paa, ya baiskeli moja, ina kufuli, ina mpira mpya, na vishikio vyake vinaingia kwenye vyuma vilevile vilivyo juu ya paa la gari lao. Alikwenda nyumbani karibu anakimbia, akamweleza mumewe wakiwa mezani.

"Nimeiona ile," akasema Bwana Rangi bila kuinua macho kwenye sahani. "Haifai."

"Haifai nini?"

"Haifai tu."

Loo! Hiyo "tu" ndiyo iliyomwaga maji.

"Haifai tu? Mimi nimekaa na wewe miaka yote hii, sijawahi kukuuliza kitu ukanijibu haifai tu! Sema rangi! Sema upepo! Sema chochote nijue nagombana na nini!"

"Basi, rangi."

"Rangi ya juu ya paa anaiona nani, Baba Watoto? Kunguru?"

Akameza tonge. Huyo ndiye Bwana Rangi: ukimpandishia sauti anakuwa ukuta. Akaondoa sahani yake, akaiosha mwenyewe, akaenda kulala mapema. Mama Pasi akabaki mezani na hasira zake, akizungumza na chumvi.

Siku iliyofuata, saa ya chakula cha mchana, alivua aproni akamwambia bosi anarudi sasa hivi, akaenda dukani. Aliingia kama askari.

"Nipe ile pale juu. Ya baiskeli moja."

Muuza spea, mtu mnene mwenye maneno mengi, akaishusha akiipangusa kwa kiganja. "Afadhali mmekubaliana, mama. Mzee amenichosha. Hii ameishika, ameigeuza, ameirudisha, sijui mara ngapi. Mwenyewe anakiri ni nzuri. Shida yake anataka ya mbili."

"Ya mbili gani?"

"Ya baiskeli mbili. Nikamwambia ninayo, ile ya kushoto, kwenye gari lenu inakaa bila tatizo. Akaishika, akasema hiyo ndiyo. Nikaanza kumfungia. Akasema ngoja nikamuulize mke wangu. Akaja tena, hadithi ileile. Hukumwambia chochote?"

Hakuna aliyekuwa amemuuliza Mama Pasi kitu. Alisimama katikati ya duka, taa za magari zimerundikwa huku na vioo huku, akaziangalia zile keria mbili. Hasira haikumtoka, msidhani. Ilizidi. Maana yake siku zote hizo za ndoano na msasa na kuoza kutokea chini, mtu huyu alikuwa anasumbuliwa na jambo jingine kabisa, na akamwacha yeye aichukie rangi! Kisha akamwona, kama anamtazama, amesimama pale pale na keria ya mbili mikononi, baiskeli ya pili haina wa kuipanda, naye hawezi kuinunua wala kuirudisha. 

Mkono wake ukaenda kushoto, kwenye ile ya mbili. Ni kweli, ukaenda. Angemfurahisha siku moja. Halafu upande mmoja wa paa ungekaa mtupu njia nzima, au wangebeba baiskeli ya mtu asiyeruhusiwa kuipanda, na kila mshiriki angemuuliza, mzee vipi, huendeshi? Akaurudisha mkono.

"Nifungie ya moja," akasema.

Jioni aliingia nayo begani. Bwana Rangi alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango, akaiangalia, akaangalia viatu vyake.

"Umenunua."

"Nimenunua. Na muuza spea ameniambia." Akaitua chini, na haikutua kimya. "Kwa nini hukusema?"

"Niseme nini? Daktari alitwambia sote wawili."

"Useme unaumia! Mdomo huo ni wa kulia ugali tu?"

Bwana Rangi akainua uso. "Ningekwambia naumia, ungekwenda?"

Mama Pasi akafungua kinywa kusema ndiyo, na ndiyo haikutoka. Asingekwenda. Angebaki nyumbani, amkande mabega, amwambie mlima haukimbii, na mwakani magoti yangekuwa yamefunga mjadala.

"Umeona?" akasema mumewe. "Nilitaka uende, haki ya Mungu. Nilikuwa natoka gereji nimeshaamua, leo nanunua ile ya moja. Nikifika pale, mkono unakataa. Nikiifunga ile juu ya gari, ndiyo nimekubali. Hospitalini sikukubali, Mama Watoto. Nilisema sawa kwa sababu daktari alikuwa na haraka."

"Na mimi nikakusifu."

"Na wewe ukanisifu."

Mama Pasi akakaa ngazi ya chini yake. Alitaka kumhurumia na alitaka kumzaba kofi, na vyote viwili vilikuwa vya kweli. Mwishowe akasema tu kwamba Jumamosi wataondoka alfajiri, au ataondoka peke yake, achague.

Jumamosi hakumwona kitandani. Alimkuta nje, keria imeshafungwa juu ya paa, mpira chini ya kila kishikio, hata alama ya kidole hakuna. Mama Pasi akapanda kwenye kigoda akainua baiskeli, maana daktari alimkataza mumewe kunyanyua, na mumewe akaelekeza kutoka chini: gurudumu la mbele kwanza, siyo hapo, hapo, sasa mkanda. Akakaza. Kisha Bwana Rangi akaishika fremu akaitikisa kwa nguvu zote, na gari zima likatikisika pamoja nayo. Akajaribu upande wa pili. Akatafuta kasoro mpaka akakosa.

"Haitoki," akasema, na ungedhani anatangaza msiba.

Akamkabidhi mkewe funguo. Mama Pasi akazipokea, akafikiri basi, amechagua kubaki. Bwana Rangi akazunguka, akafungua mlango wa abiria, akakaa, akafunga mkanda.

"Utanipeleka wewe," akasema. "Mimi nikishika usukani tutageuka njiani."

Wakaondoka. Upepo ukapiga mluzi kwenye keria, na kila wakipita tuta la barabarani Bwana Rangi alitoa kichwa dirishani kutazama juu. Mji ulikuwa umekwisha, wanapita mashamba, ndipo akasema, "Nina hasira."

"Na nani?"

"Na wewe. Una magoti mabovu na unakwenda. Mimi magoti yangu mazima."

Mama Pasi akabadilisha gia. "Endelea."

"Na daktari. Anapunguza watu kama anapunguza chumvi. Na dada yangu anayesema nimepokea vizuri. Na huyo wa pikapu, kuhama ndiyo nini? Na huu moyo. Nimeulisha miaka yote, nimeufanyia nini?" Sauti ikamkatika. Akapangusa uso kwa mkono wa shati, akaendelea. Mtu aliyekuwa ukuta, sasa hata kutua avute pumzi hataki. Alisema milima yote waliyopanda, alisema jinsi anavyosikia mlango ukifungwa alfajiri mkewe akienda kilimani, jinsi anavyolala pale akihesabu kona. Mama Pasi hakumwambia pole wala nyamaza. Aliendesha na kumsikiliza, na machozi yalipomzidi mumewe akapunguza mwendo.

Walifika uwanja wa kuanzia wengine wameshapanga mstari. Watu wakawapungia mikono. Mama Pasi alizima gari na hakushuka, kwa sababu mtu alikuwa katikati ya sentensi. Kipenga kikalia. Mstari wote ukaondoka, rangi za fulana zikapungua barabarani.

"Wamekwenda," akasema Bwana Rangi.

"Nimewaona. Maliza."

"Nimemaliza."

"Hujamaliza."

"Sijamaliza," akakubali. Akafungua mlango, akashuka, akafungua kufuli na mikanda kwa mikono yake, na kabla mkewe hajamkataza akaishusha baiskeli akaisimamisha mbele yake. Akaminya tairi la nyuma, akaminya la mbele. Macho yalikuwa mekundu na bado yamekasirika.

"Haya panda," akasema. "Na ukithubutu kushuka kusukuma leo, gari langu huingii. Utarudi nyumbani na hiyo hiyo."