Upande Mrefu Hubeba Zaidi

...na msimamizi amekohoa tu, lakini kikohozi cha mtu aliyeshika funguo si cha mafua, kinasema kwangu ni mbali, mwanangu, kinasema chungu changu hakijabandikwa, na mimi nasoma tena swali la tano, la mwisho, mstari wa kwanza umekubali kutulia ila wa pili unateleza, maneno yanapandana kama watu wanaogombea mlango, narudi mwanzo, naweka rula chini ya mstari, polepole, mpimaji... ameanza... kwenye bikoni... krrrr, kiti kimeburutwa, kisha kingine, mzee wa viti ameingia kwa mlango wa nyuma, kesho kuna kongamano ukumbini humu na ameambiwa viti vyote vihamishwe leo, hana kosa, mtu katumwa, anaanza na safu ya mwisho, na miguu ya chuma inakwaruza sakafu mpaka naisikia kwenye meno... wenzangu walishatoka, walipita mbele ya meza yangu mmoja mmoja maana niliwekwa mbele kabisa, ili msimamizi anione, na mmoja aliniinamia akasema, "Haya, mheshimiwa, tunakuachia jengo," hakuwa na ubaya, alicheka na mimi nikacheka, nimeshacheka sana tangu nije chuo hiki, taya linauma... kwenye bikoni A, lile jiwe la mpaka, akapima... akapima nini, mbona umbali unasomeka mlingano, rudi, umbali, umbali na pembe, haya, "Mama, na huyu vipi, alichelewa kuja?" ni mzee wa viti, na msimamizi, "Ana muda wake," na yeye, "Anaumwa?" na msimamizi kwa sauti ya chini, "Mwache, baba, fanya kazi yako," sauti ya chini katika ukumbi mtupu husafiri kuliko kelele, imenifikia na kunipita na kugonga ubao... anaumwa, sijui, mama yangu aliwahi kuulizwa hivyohivyo na mwalimu wa darasa la pili, huyu mtoto anaumwa au mvivu, na mama akajibu, mwalimu, mbona akiambiwa kwa mdomo hasahau, hata deni la jirani anakumbuka, na mwalimu akasema basi ni mvivu, na hadi leo nikichoka namsikia yeye kwanza kabla ya kujisikia mwenyewe... msimamizi amevua viatu, nimeona kwa pembeni, miguu imevimba, amekuwa kwenye kiti hicho tangu asubuhi, mtihani wa kwanza, wa pili, na sasa mimi, msimamizi mzima kwa mtahiniwa mmoja kama tuko wodi ya mahututi, na anajitahidi, mama wa watu, amefunga dirisha la upande wa barabara bila kuombwa, sasa ananiinamia, harufu ya sabuni ya kufulia, "Mwanangu, ukimaliza niambie tu, eeh? Si lazima ukae mpaka mwisho," kwa upole kabisa, na ni upole huo unaonimaliza, angekuwa mkali ningekaa, mtu mkali unamkalia, lakini mpole mwenye miguu imevimba unamhurumia, unafunga kalamu, unasema nimemaliza, mama, asante, na ukurasa wa mwisho mweupe kama ulivyotoka kiwandani, ndivyo nilivyofanya mtihani huuhuu mara ya kwanza, swali zima likabaki, na ndiyo maana leo niko kwenye marudio, na marudio hayana marudio, nikianguka leo napewa barua, nafungasha, narudi nyumbani kwa dada, na dada atanipa taulo nipanguse vioo vya saluni... krrrr... muda wa ziada ninao, umeandikwa, umepigwa muhuri, dada wa ofisi ya mahitaji maalumu ndiye aliyenipigia, ofisi yake ni chumba anachogawana na mipira na jezi za timu ya chuo, nilikaa juu ya mfuko wa mipira nikimweleza jinsi mistari inavyoteleza na alinisikiliza mpaka mwisho bila kutazama simu, akaandika, akauliza, "Unataka na chumba chako peke yako?" nikasema ndiyo, akacheka kwa huzuni, "Mimi mwenyewe nakitaka, mdogo wangu," tukacheka wote, kisha akanipa barua nizungushe mwenyewe kwa kila mhadhiri, kila muhula upya, kana kwamba likizo huniponya... na mhadhiri wa hesabu za vipimo aliisoma, akanitazama juu mpaka chini, akasema, "Lakini mbona mzima?" kisha, kwa kuwa alitaka kunitendea haki, siku ya mwisho ya kipindi akatangaza mbele ya darasa zima, "Wenye muda wa ziada wanyooshe mikono, nisije nikamsahau mtu," na mkono wangu ukawa mzito kama ndoo, haukunyanyuka, ila Meneja, ndivyo tunavyomwita mwenzetu, anayekaa mbele na kiti chake cha magurudumu, alinyoosha yote miwili, "Mwalimu, huu wangu, na huu wa mwenzangu anayeona haya," darasa likavunjika mbavu, sikujua nimpige au nimkumbatie... Meneja ambaye mtihani wake wa jana ulipangwa ghorofani, wakambeba vijana wanne, anawaelekeza, "Taratibu jamani, kona hiyo, mimi si kabati," na juu kule alifika jasho limemtoka kana kwamba ndiye aliyebeba, akaniambia baadaye, "Wewe una bahati, ulemavu wako unapanda ngazi wenyewe," nikamwambia, "Na wako unaonekana, haudaiwi barua," akafikiri kidogo, akasema, "Basi tubadilishane kwa wiki moja," na hatukucheka... haya, swali, umerudi wapi, mpimaji ameanza kwenye bikoni A, akapima umbali na pembe hadi B, hadi C, hadi D, akarudi A, onyesha... onyesha namna atakavyolishughulikia kosa la kufunga... ngoja... hili nalijua, nalijua kwa sauti, ni sauti ya dada, maana sikusoma kitabu hicho hata ukurasa, nilipiga picha kurasa nikamtumia, naye akanisomea kwenye simu akiwa kazini, ujumbe mmoja baada ya mwingine, draya inanguruma nyuma yake, na yeye anasoma asichokielewa kama anasoma tangazo la msiba, kwa heshima, "Azimuthi... hii si dawa ya minyoo kweli?... azimuthi ni pembe ipimwayo kutoka kaskazini," na mteja nyuma, "Dada, masikio yanaungua huku!" na dada, "Vumilia, mama, namsomea mtu wa chuo, akimaliza atakupimia kiwanja bure," na mteja, "Kiwanja chenyewe ninacho basi?" na kicheko cha saluni nzima, na chini ya kicheko hicho dada anaendelea, hakuruka mstari, "Ukirudi kwenye bikoni uliyoanzia, vipimo havikutani sawasawa, pana kosa dogo, na kosa hilo halitupiwi upande mmoja, hugawanywa kwa pande zote, kila upande kwa urefu wake, upande mrefu hubeba zaidi," draya peke yake, kisha, "Mh. Hii wangeisoma wa ukoo wetu siku ya kikao"... krrrr, safu ya katikati sasa... hugawanywa kwa pande zote... basi kosa la jioni hii naligawa vipi, mzee wa viti apate kidogo, upande wake mfupi, katumwa, na msimamizi kidogo, miguu yake, na dada wa mipira kidogo sana, na mhadhiri, haya, naye apate chake ingawa alitaka mema, na mwalimu wa darasa la pili, sijui kama yuko hai, na mimi, nilikuwa nalibeba lote, miaka yote nimelibeba lote kama vile mzunguko mzima una upande mmoja, na upande mrefu kuliko wote ni huu wa chuo, uliojenga ghorofa kabla ya kuwaza magurudumu na kugawa muda wa ziada bila kuuliza utakaliwa wapi na nani atawalisha wanaousubiri... lakini kukichukia chuo kunachosha, na mimi nimechoka tayari, ninachotaka ni swali la tano... naona mdomo wangu unafunguka, neno limeshafika kwenye meno kwa mazoea, nime..., na msimamizi ameinua kichwa, mguu mmoja unatafuta kiatu, "Umesema, mwanangu?"... na yule mteja chini ya draya, nilikuwa sijamfikiria hata siku moja, sura yake siijui, nimemsikia tu, masikio yanamuungua na kiwanja hana, alisubiri, ujumbe mzima, na uliofuata, na mwishoni mwa huo unamsikia akimwambia dada, "Rudia hapo kwenye pande, hapo mimi pia nimeachwa," alisubiri na hakuna aliyekufa, nilishawahi kusubiriwa, kumbe, na watu wasionidai kitu, huku wakicheka... "Hapana, mama," sauti yangu imetoka ndogo lakini imetoka, "bado naandika," naye ananitazama, anahema, si hasira, ni uchovu unaokaribisha uchovu mwingine, anarudisha mguu juu ya kiatu, halafu anamgeukia mzee, "Baba, si uvinyanyue kidogo hivyo?" na mzee, "Nikivinyanyua vyote hivi, mgongo utanyanyuliwa na nani?" na kweli, nani, kikohozi, funguo, krrrr, mzee amefika safu ya nyuma yangu, anasema, "Hicho chako nitakichukua mwisho," na sijui ni tishio au zawadi, nakipokea, nakaa, rula chini ya mstari wa pili, unateleza, uteleze, nausubiri, bikoni A, draya inanguruma, endelea, dada, nimeachwa hapo kwenye pande, rudia...